Mtukufu Hana Akiba

Kuna nchi moja ambayo jina lake silitaji kwa sababu za adabu tu. Nchi nyingi zimetokea kufanana nayo, na si vizuri kugombanisha majirani. Itoshe kusema kwamba ilikuwa nchi ya maendeleo makubwa, na uthibitisho wake ni kuwa haikuwa na karatasi hata moja. Mtukufu Mwangaza wa Taifa, aliyeanza kutawala enzi ambazo wazee wa leo walikuwa bado wanakimbizana na kuku, alitangaza kwamba karatasi ni ushamba. Vyeti vya kuzaliwa, hati za viwanja, daftari za ndoa na za mifugo, vyote vilichomwa moto katika uwanja wa mpira huku bendi ya polisi ikipiga muziki wa taratibu. Zilisalimika noti na magazeti tu, kwa kuwa vilibeba picha yake. Tangu hapo kila mtu na kila kitu kiliandikwa kwenye Wingu la Taifa. Sheria yake ilikuwa fupi na watoto waliiimba shuleni: aliyemo winguni yupo, asiyemo hayupo.

Wingu lenyewe halikuwa juu ya nchi ile. Lilikuwa kompyuta za kukodi za kampuni moja ya ughaibuni, na aliyelijua hilo vizuri ni Kidawa, mhandisi mkuu wa Wizara ya Wingu. Ndani ya kompyuta hizo serikali ilikuwa na kishada cha makontena, yaani mafungu ya programu na kumbukumbu yaliyofungwa pamoja, kila kata na kontena lake. Kampuni ilitunza mashine, Kidawa alitunza makontena, na Waziri alitunza sifa.

Siku moja kontena la kata ya Mgombani likaanguka na halikuinuka. Watu wa kata nzima wakakoma kuwapo kabla ya chakula cha mchana. Serikali ililipokea pigo hilo kwa ustahimilivu wa ajabu, maana Mgombani ilipakana na Ikulu na Mtukufu alikuwa akiyalalamikia majogoo ya huko kwa muda mrefu. Wenye nyumba hawapo, basi nyumba hazina wenyewe. Hazina wenyewe, basi zibomolewe. Ukuta wa Ikulu ukasogezwa mpaka kisimani, na watu wasiokuwapo wakafunga virago vyao wakatawanyika.

Mmoja wao alikuwa Bi Siwatu, mama mzazi wa Kidawa. Alihamia kwa binti yake na kikapu cha nguo na macho mawili yaliyofunikwa na mtoto wa jicho. Kidawa alimpeleka hospitali ya serikali akiwa na matumaini, kwa kuwa upasuaji wa mtoto wa jicho ni jambo dogo, mtu huingia asubuhi akipapasa akatoka akisoma magazeti.

"Mama huyu hayupo," daktari alisema akiangalia kompyuta.

"Huyu hapa, daktari. Amekaa mbele yako."

"Namwona, dada yangu. Hata shikamoo nimempa, na ameitikia. Lakini nikimpasua, dawa nitasema nimemtilia nani? Nitaambiwa nimeiba."

Bi Siwatu akageuza uso kule sauti ilikotoka. "Baba," alisema, "kama mimi sipo, nani anakula wali wa mwanangu kila siku? Mtafuteni huyo mtu, maana anaumaliza."

Kidawa alicheka pale, na alipofika nyumbani akalia. Alijaribu kumwandika mama yake upya, lakini mfumo ulipokea majina mapya ya watoto wachanga peke yao, na ulipofika penye uzito wa mtoto ukagoma. Kila wiki Bi Siwatu aliona kidogo zaidi. Kwanza alipoteza herufi, halafu sindano, halafu mchele na chuya vikawa kitu kimoja. Alipoanza kumjua binti yake kwa mlio wa kandambili, Kidawa alienda kwa Waziri.

*

Mheshimiwa Bwakila, Waziri wa Wingu, alikuwa mtu mwema aliyekuwa hakatai kitu mpaka mwombaji atoke mlangoni. Kidawa alimweleza kwamba makontena mengine nayo yameanza kukohoa. Yakianguka bila nakala, itakayofuata si kata moja, ni nchi nzima. Alitaka ruhusa ya kuweka programu ya akiba, ambayo kazi yake ni kunakili kila kilichomo winguni na kukirudisha kikipotea.

"Na nchi nzima ikikosa kuwapo," Waziri aliuliza kwa uangalifu, "mimi nitakuwa waziri wa nani?"

"Hutakuwapo na wewe, Mheshimiwa."

Waziri akaagiza chai. Akakubali yote, na akaahidi kwa kiapo kwamba siku programu itakapokuwa imekaa sawa, yeye mwenyewe atamwomba Mtukufu awafungulie watu wa Mgombani mlango wa kuandikwa. "Mama yako ni mama yangu," alisema. Kidawa alitoka pale akirukaruka kama msichana.

Kuandaa kishada kwa ajili ya programu kama ile si kazi kubwa kwa nchi nyingine. Panatakiwa mahali pa kuwekea nakala, ambapo mafundi hupaita ndoo. Panatakiwa diski zinazokubali kupigwa picha, yaani kunakiliwa zilivyo, bila kusimamisha kazi. Na anatakiwa mtumishi, yaani akaunti isiyo ya mtu yeyote, yenye ruhusa ya kusoma makontena yote. Kidawa aliandika hayo kwa lugha nyepesi, akayapeleka kwenye Kamati ya Maandalizi, na hapo ndipo alipokosea, kwani kamati ilisoma.

Mwenyekiti wa kamati alishituka kwanza kwa neno kishada. Utotoni alikuwa bingwa wa kurusha vishada, akajua kwamba kishada bila uzi hakikai hewani. "Hiki cha serikali kiko winguni kabisa," alisema. "Na uzi wake kashika nani?"

Kidawa alitafakari, akaona swali ni zuri kuliko alivyotarajia. "Kampuni ya ughaibuni, Mwenyekiti."

"Wakiuachia?"

"Ndiyo maana tunataka akiba."

Ombi la ndoo lilipelekwa Wizara ya Maji, ambayo haikuwahi kutimiza ombi lolote kwa haraka namna ile. Lori likafika limejaa ndoo za plastiki zenye mifuniko, na Kidawa alipojaribu kueleza, akaambiwa asiwe mtu wa kuchagua rangi. Wapigapicha wa serikali walikuja kupiga diski picha, wakakasirika kusikia diski ziko ng'ambo, wakawapiga picha wanakamati badala yake. Mtumishi ndiye aliyesumbua zaidi. Afisa wa Usalama alikuja kumhoji Kidawa kuhusu mtu huyo anayetaka kusoma kila kontena.

"Ana mke?"

"Hana, afande. Si mtu."

"Ndugu wa upinzani?"

"Hana ndugu."

"Anakunywa?"

"Hata maji."

Afisa alifunga mahojiano akiwa ameguswa sana. Mtumishi akapewa ruhusa zote, na mwisho wa mwezi akatangazwa mfanyakazi bora wa wizara, zawadi ikapokelewa na Waziri kwa niaba yake. Kidawa hakulalamika. Ndoo ya kweli alishaiweka kimyakimya kwenye kompyuta za kampuni nyingine, diski alishazihakiki, na kilichobaki ni idhini ya Mtukufu. Alimwambia mama yake avumilie kidogo tu. "Mimi navumilia," alisema Bi Siwatu, "lakini macho hayajui kuvumilia, yanakwenda zao."

*

Baraza la Mawaziri lilikutana katika ukumbi wenye kiti kimoja kirefu na vingi vifupi. Kidawa alisimama, akaeleza kwa sauti ya heshima kwamba kila kilichomo winguni kitakuwa na akiba yake. Cha kwanza kikianguka, cha akiba kitashika nafasi yake papo hapo, na wananchi hata hawatatambua kwamba kuna kilichobadilika.

Mheshimiwa Bwakila alianza kukisogeza kiti chake taratibu mbali na Kidawa, mpaka ukutani.

Kidawa hakuwa mtu wa mpira, la sivyo angejua. Katika nchi ile wachezaji wa akiba walipigwa marufuku zamani, baada ya kocha mmoja kumtoa mshambuliaji mzee aliyechoka na umati ukashangilia kupita kiasi. Timu zilimaliza mechi na waliobaki wamesimama. Cheo cha makamu wa rais kilifutwa katika msimu huohuo, na hata madereva wa Ikulu waliendesha bila tairi ya akiba, wakipata pancha wakisubiri.

"Kila kitu?" aliuliza Mtukufu.

"Kila kitu na kila mtu, Mtukufu."

"Na mimi?"

"Nawe pia, Mtukufu. Wewe hasa."

Mtukufu aliupapasa mkono wa kiti chake. "Kwa hiyo mahali fulani, ndani ya ndoo, atakaa mwingine kama mimi, akingoja nianguke."

"Si mtu, Mtukufu, ni nakala tu."

"Wote huanza hivyo." Akasimama, na mawaziri wakasimama, na aliyechelewa akaandikwa. "Mimi sianguki. Asiyeanguka hana haja ya akiba. Wengine wekeeni, maana nyinyi mnaanguka ovyo. Mimi niacheni kama nilivyo, mmoja tu."

Kidawa alifungua kinywa kusema kwamba atakayeachwa nje ya nakala hatarudi wingu likianguka. Aliona Waziri kule ukutani akimkonyeza kwa jicho la kufa mtu. Akamfikiria mama yake akipapasa sufuria jikoni, akafumba kinywa. Aliogopa, na aliona haya kwamba anaogopa, na akafanya alivyoambiwa: katika maagizo ya programu akaandika kwamba inakili wote isipokuwa mmoja.

Ndani ya wiki ileile kanga zilitoka kiwandani zimeandikwa ASIYEANGUKA HATAKI AKIBA. Kwaya ya Taifa ikatunga wimbo wenye beti nyingi kuliko wimbo wa taifa. Programu ikawekwa, ikafanya kazi vizuri, ikanakili nchi nzima bila kelele, na Kidawa akaenda kudai ahadi yake.

Waziri alikuwa amekwisha kumwona akija na alikuwa ameshika simu isiyolia. "Suala la Mgombani lina ugumu wake, mhandisi," alisema. "Mtukufu akisikia jina hilo hukumbuka majogoo. Hebu niambie, mama ana umri gani?"

Kidawa akamtajia.

"Basi," Waziri alisema kwa upole, "si ameshaona vya kutosha?"

Kidawa aliaga akatoka, maana jibu alilokuwa nalo lisingemwacha na kazi. Lakini nyumbani alilirudia neno hilo kwa hasira mbele ya mama yake, na Bi Siwatu akalisikiliza mpaka mwisho, akaguna, akaendelea kuchambua mbaazi kwa vidole.

*

Sasa nchi ile ilikuwa na desturi moja nzuri: popote Mtukufu alipotarajiwa kupita palisafishwa. Barabara zilifagiliwa, mashina ya miti yakapakwa chokaa, vichaa na wachuuzi wakahamishwa. Ilipotangazwa kwamba Mtukufu, akitoka kufungua kiwanda cha maziwa, atapitia wizarani kulikagua Wingu, Mheshimiwa Bwakila alihangaika. Ofisi ilikuwa imefagiliwa. Wingu lenyewe je?

Alikwenda kwenye kompyuta ya Kidawa. Mwenyewe hakuwapo, alikuwa hospitali na mama yake, akijaribu daktari mwingine. Na kwa kuwa Baraza la Maneno lilikuwa limetafsiri amri zote za kompyuta ili wananchi wasitishike, na kwa kuwa neno la kufuta kila kitu lilionekana kali mno kwa masikio ya taifa tulivu, pembeni ya kioo palikuwa na kitufe kizuri cha kijani kilichoandikwa SAFISHA.

Kompyuta ilimuuliza Waziri kama ana hakika. Waziri hakuwahi kuulizwa hivyo maishani, akafurahi, akasema ndiyo.

Wingu likawa safi kabisa.

Kidawa alipigiwa simu na sauti iliyokuwa inalia. Njiani kurudi wizarani alikuta taa za barabarani zimekwama, benki zimefunga milango, na wabunge wawili wakigombana ni nani kati yao ni nani. Alifika ofisini, akakaa kitini, akamwita yule mtumishi asiye mtu, na mtumishi akafanya kazi yake. Kata moja ikainuka, ikafuata ya pili, na zilizobaki zikaja kwa mfululizo. Viwanja vilirudi, na ndoa nazo, pamoja na zile ambazo wenyewe walishaanza kushukuru kuondokana nazo. Jioni haijafika, nchi ilikuwapo tena.

Wote walirudi isipokuwa mmoja.

Msafara wa Mtukufu ulisimama kwenye geti la Ikulu. Dereva alitambuliwa, walinzi walitambuliwa, na kioo cha geti kilipomfikia mwenyewe kikatoa sauti ya kistaarabu: hayupo.

"Fungueni," alisema Mtukufu.

Askari wa geti alipiga saluti, halafu akajuta akaishusha. "Mzee, mimi binafsi nakufahamu. Lakini nikimfungulia asiyekuwapo ni kifungo cha maisha. Sheria hiyo umeisaini mwenyewe."

Wakamtafutia benchi.

*

Katiba ilisema kwamba Rais akiwa hayupo, makamu atashika. Makamu hakuwapo. Amri mpya ingeweza kutolewa, lakini mtoaji wa amri alikuwa kwenye benchi. Mheshimiwa Bwakila alimjia Kidawa akiwa amelegea mwili mzima, akamwomba kwa jina la Mungu amrudishe.

"Nakala yake haipo, Mheshimiwa. Nilikatazwa kuiweka. Ulikuwapo."

"Tufanye nini basi?"

Kidawa alifikiri, na nitakuwa mwongo nikisema aliyemfikiria ni Mtukufu. "Zamani," alisema, "kabla ya karatasi na kabla ya wingu, mtu alijulikana kwa jirani yake. Bunge lipitishe kwamba asiyekuwapo anaweza kuandikwa, mradi jirani mmoja amtazame kwa macho yake na aseme: huyu namjua."

Bunge likapitisha kwa makofi alasiri hiyohiyo, bila kusoma, kama kawaida yake. Kidawa alirudi nyumbani mbio. Majirani zake walikuja mpaka na watoto mgongoni, wakamtazama Bi Siwatu, wakasema wanamjua, ni yule bibi anayewasuta wanaotupa maji machafu njiani. Karani aliyetumwa na wizara, Bwana Pandu, akamwandika. Kidawa aliliona jina la mama yake kwenye kioo, akalisoma mara mbili.

Upande wa pili wa mji mambo hayakwenda vizuri. Mtukufu aliulizwa jirani yake ni nani. Akatazama kushoto, ukuta. Akatazama kulia, ukuta. Majirani aliokuwa nao, watu wa Mgombani, walikuwa wametawanyika wasijulikane walipo, isipokuwa mmoja.

Magari meusi yakajipanga nje ya nyumba ya Kidawa. Mheshimiwa Bwakila alivua viatu mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata msikitini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu? Sioni."

"Mimi Bwakila, mama. Waziri."

"Ahaa," Bi Siwatu alisema. "Wewe ndiye uliyesema nimeshaona vya kutosha."

Waziri akapiga magoti kabisa. Akaeleza shida ya taifa, akaeleza kwamba yeye, Bi Siwatu, ndiye jirani pekee aliyebaki, neno moja lake tu litaokoa nchi.

"Na sheria inasemaje? Si amtazame kwa macho yake?"

"Ndivyo inavyosema, mama."

"Basi mimi ningependa kusaidia," alisema Bi Siwatu, "lakini ndiyo hivyo tena, macho sina."

Walimpeleka hospitali kwa ving'ora. Daktari yuleyule alitoka mbio akauliza, kwa mazoea tu, kama mama huyu yupo.

"Yupo!" alipiga kelele Mheshimiwa Bwakila. "Yupo sana!"

*

Bandeji ilifunguliwa kesho yake katika chumba kilichojaa watu: Spika, majenerali, Bwana Pandu na kompyuta yake mapajani, na mbele kabisa, kwenye kigoda, Mtukufu. Tangu siku iliyotangulia alikuwa amekataliwa na geti, benki na mashine ya kahawa. Alipomwona bibi kizee akiinua kichwa, aliinuka kidogo akasema shikamoo, na majenerali wakatazama chini kwa aibu.

Bi Siwatu alipepesa. Mtu wa kwanza kumtazama hakuwa Mtukufu.

"Kidawa," alisema. "Kumbe umekonda hivi, mwanangu. Na mvi hizi umezitoa wapi?"

Kidawa alimshika mikono. Alikuwa anatazamwa na mama yake, anaonwa, na wakati huo nchi nzima ingeweza kuanguka tena asingegeuka.

"Mama," Spika alinong'ona, "yule pale. Je, unamjua?"

Bi Siwatu akamgeukia Mtukufu. Alimtazama kichwa, akamtazama mashavu, akamtazama mikono iliyokuwa juu ya magoti. Kisha akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake, akatoa noti, akainyoosha. Kwenye noti alikuwamo kijana mwenye nywele nyingi na shingo ndefu, akitazama mbali kwenye maendeleo. Bi Siwatu akaitazama noti, akamtazama mzee, akairudia noti.

"Ninayemjua mimi ni huyu," alisema. "Kila siku namwona, kila mahali. Huyo mzee simjui."

"Mama," sauti ya Mtukufu ilitoka nyembamba, "ni mimi. Ni miaka tu imepita."

"Hilo hatukuambiwa, baba. Sisi tuliambiwa kwako haipiti."

Bwana Pandu aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda nyumbani, aandike nini. Majenerali walianza kutazamana, halafu wakaanza kutazama mlango. Mheshimiwa Bwakila, taratibu, alianza kukisogeza kiti chake mbali na kigoda.

Kidawa aliona kope za mama yake zikicheza kidogo, akashindwa kujua kama ni dawa au ni kitu kingine, na hakuuliza. Bi Siwatu alikuwa ameshakunja noti yake na sasa anatazama dirisha, pazia, maua ya shuka, kila kitu kwa zamu. Mwisho macho yake yakamrudia yule mzee kwenye kigoda.

"Mpeni chai na mkate huyo," aliwaambia. "Mtu akiwa hayupo njaa inauma vilevile. Mimi najua."